Heshima Mkiani

Mimi ni Mpare wa Usangi na Fidelis ni Mchaga wa Kibosho, kwa hiyo kabla hujanionea huruma kwa maneno anayonitolea, ujue ana haki nayo. Wapare na Wachaga ni watani. Babu zetu walikubaliana zamani, sijui kwa kikao gani, kwamba tutatukanana na hakuna atakayenuna. Akinikuta nakula nyama ananiuliza nani kafa mpaka Mpare akaenda buchani. Nikimkuta amelala kwenye kochi naangusha sarafu sakafuni karibu na sikio lake, maana Mchaga asiyeamka kwa mlio wa sarafu huyo ni wa kuzikwa. Tumekwenda hivyo tangu alipohamia chumba cha chini cha nyumba yangu hapa Greenbelt, Marekani. Sijui kama ningeiweza baridi ya nchi hii bila mtu wa kunitukana vizuri kwa Kiswahili.

Mume wangu ninaye, anaitwa Tito, Baba Anitha, ila ni dereva wa malori ya masafa marefu na wiki nyingi yuko barabarani. Mimi naendesha basi la shule. Fidelis ndiye msomi wa nyumba. Anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa anga, anahesabu mvua inayoonekana na setilaiti, na ukimuuliza kama kesho itanyesha anasema hiyo si kazi yake.

Mwaka juzi akaja pale kituoni Mjapani mmoja, Chizuru, naye wa mambo ya mvua. Mara nikaanza kusikia Kijapani kikipanda kwenye matundu ya hita. Mwanamume aliyeshindwa kujifunza hata salamu moja ya Kipare, ambayo ningemfundisha bure, sasa alikuwa anajisomea sentensi kila jioni kama mtoto wa kipaimara. Nikashuka kumuuliza kwa nini kila anachosema kinaishia na "des" na "mas", kama pancha ya polepole.

Akanieleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Sisi heshima tunaitanguliza: shikamoo kwanza, shida baadaye. Mjapani yeye heshima kaiweka mkiani. Inabidi umsubiri amalize sentensi ndipo ujue kama umeheshimiwa. Ukitaka kumwambia mgeni au mkubwa wako kwamba utakwenda, unasema "ikimas". Ukimwambia ndugu yako, rafiki wa kufa na kuzikana au mpenzi wako, mkia unaukata, unasema "iku", basi, mmeelewana. Ukiukata kwa mtu asiye wako umemkosea adabu. Nikamuuliza, na ukiuacha kwa mtu asiyeutaka, je? Akasema hapo mwalimu wake wa Kijapani bado hajafika.

Huyo Chizuru alikuja kwangu mara kadhaa kumchukua Fidelis wakatembee kuzunguka ziwa. Mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kicheko kikubwa anachokifunika kwa kiganja kana kwamba amekiiba mahali. Amemzidi Fidelis miaka michache. Mwezi wa nne mwaka huu, wakiwa kwenye matembezi hayo, alisimama akamwambia kwa Kijapani kwamba wamefahamiana vya kutosha, sasa aache mikia, waongee kama watu. Tena kwao, aliyezidi umri ndiye mwenye kutoa ruhusa hiyo, na haitoi kwa kila mtu. Fidelis akainamisha kichwa, akajibu, "Wakarimashita." Maana yake ni nimeelewa, na mkia umo ndani yake, mrefu, umechanwa na kupakwa mafuta.

Nilipocheka aliudhika. Alisema, "Dada, kanizidi umri. Nyumbani mtu kama yule nampa shikamoo. Leo nimwongeleshe kama nakuongelesha wewe?" Nikamwambia ndiyo, aoneshe huruma kidogo, aongee naye kama anavyoongea na mimi. Hakuweza. Chizuru alishaanza kumsemesha kwa maneno mafupi ya nyumbani, naye akawa anarudisha sentensi zilizovaa koti na tai. Sasa nakwambia jambo ambalo yeye mwenyewe aliniambia huku anaangalia sinki: alikuwa anampenda mpaka chakula hakipiti. Kumpenda huko ndiko kulikozidi kumtia adabu.

Mwezi wa tisa ukaleta msukosuko. Mkataba wa Chizuru ulikuwa unaisha. Kituo kilitaka abaki miaka miwili mingine, mama yake huko Kanazawa alitaka arudi, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Alimuuliza Fidelis ana maoni gani. Na huyu Mchaga, mtu ambaye ukoo wake haujawahi kukosa maoni, akamjibu kwamba uamuzi wowote atakaoufanya, yeye atauheshimu.

Nilikuwa na mwiko mkononi aliponisimulia. Nashukuru Mungu nilikuwa na mwiko tu.

Basi mimi nikatoa wazo. Jumamosi Watanzania tulikuwa na nyama choma pale kando ya ziwa, nikamwambia amlete Chizuru. Yule dada amwone akiwa kwa watu wake, amechafuka mikono, anacheka, anasema hovyo. Akimwona hivyo atajua kwamba ndani ya lile koti kuna mtu. Wazo lilikuwa zuri na bado naliona zuri. Tatizo lake lilikuwa Simba.

Simba ni Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili chuo kikuu, akakipenda, akaanza kuja kwenye shughuli zetu. Kijana muungwana hasa. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Huwa anauliza kama chumvi "inapatikana". Siku hiyo tulimkalisha meza moja na Chizuru kwa sababu wote walikuwa wageni, na akajitolea kumtafsiria yanayosemwa. Nilimwona nikafurahi. Nilisema moyoni, angalau hatakaa kama bubu.

Chizuru alikuja na sanduku la keki ndogo ndogo, kila moja imefungwa peke yake. Alikwenda kwa Mzee Kalisti, ambaye ndiye mkubwa wetu wote, akampa shikamoo kwa mikono miwili na goti kidogo. Mzee kwa furaha akaitikia marahaba mara tatu. Fidelis alikuwa anageuza mishikaki karibu na hapo, amejaa fahari mpaka moto ukamshinda, nyama ikaungua.

Nikaenda kumpokonya koleo. Yeye naye akaanza. Akatangaza kwa watu wote kwamba mke wake huyu amemchosha. Kwamba alinitolea mahari mbuzi wawili, mmoja kilema, na mpaka leo anaomba arudishiwe yule mzima. Kwamba nyumbani nampikia makande siku saba na siku ya nane nampashia moto yaliyobaki. Nikamjibu kwamba mume gani huyu, tangu anioe sijaona kanga, na usiku anakoroma kwa Kichaga. Watu wakacheka, Mzee Kalisti akasema ndoa hii ivunjwe mara moja, mimi nikasema sitoki mpaka nipewe shamba la migomba. Tulikuwa katika ubora wetu. Nilifikiri yule dada akituona hivi atafurahi.

Kumbe mezani Simba alikuwa anatafsiri, neno kwa neno, na hakukosea hata moja.

Niligeuka nikamwona Chizuru ameketi wima sana. Kiganja hakikuwa mdomoni. Baada ya muda akasimama, akamwinamia Mzee Kalisti, akaniinamia mimi zaidi ya alivyomwinamia mzee, akasema kwa Kiingereza kwamba chakula kilikuwa kizuri na anaomba radhi kwa kila usumbufu. Fidelis akataka kumsindikiza. Akakataa, akasema stesheni anaifahamu. Tukamtazama akipita kwenye miti kuelekea kwenye treni, Fidelis bado ameshika mshikaki.

Jioni hiyo akapanda kwangu na simu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Dada, amenitext. Sijui nime-mess up wapi," akasema. Ulikuwa ujumbe mrefu. Akanitafsiria: anashukuru kwa wema wote, anaomba msamaha kwa kuisumbua familia yake bila kujua, anamtakia afya njema yeye na nyumba yake, na Jumatatu atakijulisha kituo kwamba anarudi Japani. Na mikia yote ilikuwa imerudi. Si ile ya kawaida tu, alisema, bali ile mirefu zaidi ambayo watu huwaandikia wateja wa benki. Tangu mwezi wa nne hakuwahi kumwandikia hivyo.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikuwa na tusi la kumpa. Nilimpa chai.

Asubuhi ya Jumapili simu yangu ikalia. Alikuwa Simba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama kanisani. "Mama Anitha, ninaomba radhi iwapo ninaingilia mambo ya faragha. Nimesikitishwa sana na hali ya ndoa yako." Akasema hakulala vizuri. Akasema hakuna mwanamke anayestahili kutangazwa mbele za watu kwamba anajutiwa, hata kama mila ya mbuzi anaiheshimu. Alikuwa na mshauri mzuri wa wanandoa, yuko Fairfax, anapokea watu hata jioni. Nikamuuliza taratibu, ndoa yangu na nani? Akasema, "Na Bwana Fidelis. Nilimfasiria dada Chizuru yote. Naye aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na neno mke. Nilimhakikishia."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Halafu nikakumbuka mambo mawili na kicheko kikanikauka. Chizuru alikuwa anajua Fidelis anaishi nyumbani kwangu. Na Tito, Chizuru hajawahi kumwona. Mwanamke amekaa tangu mwezi wa nne anamwomba mwanamume aongee naye kama mtu wake, mwanamume amekataa, halafu anamkuta anaongea hivyo hivyo, bila mkia wala aibu, na mwanamke mwingine ambaye anamwita mke. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi ningebeba na zile keki zangu.

Nikamwelezea Simba utani ni nini. Akasema chuoni hawakuwafundisha hilo, na akaniuliza kama na yeye anaweza kupatiwa mtani. Nikamwambia tutamtafutia kabila, ila si leo.

Fidelis nilimkuta chini anapiga pasi shati. Nilipomweleza aliketi juu ya kitanda pamoja na pasi, nikamnyang'anya. Akasema atamwandikia Chizuru maelezo, kwa uangalifu, kwanza ataomba radhi, kisha atafafanua historia ya utani tangu enzi za wakoloni. Nikamwambia avae viatu. Nilijua akiachwa na karatasi atatengeneza mkia wa kutoka hapa hadi Baltimore.

Chizuru alikuwa anakaa Arlington. Pale Pentagon nilikosa njia, kama kila mtu anavyokosa, tukazunguka, na Fidelis muda wote alikuwa anasogeza midomo. Anajifunza. Nikasikia "mas". Nikasikia "des". Nikaongeza mwendo.

Alitufungulia mlango amevaa vizuri, macho yamevimba kidogo. Tukavua viatu. Alitukaribisha mezani, akaweka chai na keki zile zile ndogo ndogo, akaketi mbali na sisi kama karani wa ubalozi. Fidelis akaanza. Sijui Kijapani, lakini mikia nilishaijua, na niliisikia ikipita mmoja baada ya mwingine, mas, des, mashita, kichwa kikiinama kila baada ya sentensi. Alipomaliza, Chizuru akajibu kwa utaratibu ule ule, mas, des, akainama. Fidelis akainama zaidi. Walikuwa watu wawili wanaoshikiana mlango, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe.

Hapo hasira zikanipanda, na mimi sizifichi. Niliingilia kwa Kiingereza. Nilimwambia Chizuru kwamba mume wangu anaitwa Tito, yuko Tennessee na shehena ya majokofu, na kama ningekuwa mke wa huyu Mchaga nisingemruhusu kutoka nje na shati lile. Nikamweleza kwamba kwetu kuna makabila yaliyopeana ruhusa ya kutukanana, kwamba naweza hata kumwita mume mbele ya mume wangu, na Tito akicheka ni kwa sababu anamwonea Fidelis huruma. Nikamwonesha picha ya Tito. Aliitazama kwa makini, pengine akipima ukubwa wa kitambi, akaamini, maana hakuna anayekodisha mtu wa namna ile kwa kudanganyia.

Akauliza nani alitoa ruhusa hiyo. Nikasema hakuna aliye hai, tumezaliwa tumeikuta. Akakitazama kikombe chake. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba ruhusa ya kwake aliitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na mtu aliyempa hakuichukua.

Nikamgeukia Fidelis, na sasa nilisema Kiswahili kwa sababu kuna mambo ambayo kwa Kiingereza yananiponyoka.

"Mchaga, nisikilize. Mimi unanitukana kwa sababu unajua siendi popote. Huyu unampa heshima ya mgeni, na mgeni huondoka. Wahenga walisema siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umemkalisha ugenini miaka miwili, kazi kumnyooshea kitambaa cha meza. Mpe jembe, au mfungulie mlango akapande ndege."

Sikuwa natania, na alijua sitanii. Masikio yake yalibadilika rangi. Akaweka mikono juu ya meza, viganja wazi, akamtazama yule dada usoni, jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya tangu tuingie.

"Ikanaide kudasai," akasema.

Kudasai niliijua. Ilikuwa imepanda kwenye matundu ya hita mara nyingi: ni tafadhali. Nikafumba macho. Nilisema moyoni, Mungu wangu, hata sasa hivi.

Chizuru hakuinama. Alimngojea tu, ameinua nyusi kidogo, kama mtu aliyemwona mtoto amesimama juu ya kidaraja na anajua ataruka. Mdomo wa Fidelis ukafunguka, ukajifunga. Nilitamani kumsukuma.

"Ikanaide."

Usiende. Basi, hivyo tu, bila koti wala tai, na sauti ikamkatikia mwishoni palipokuwa na mkia. Niliona macho yake yamejaa maji, na mimi yangu yalikuwa yameshatangulia, sikujali nani ananiona.

Chizuru akaguna, "Un." Nilidhani amesongwa na chai. Baadaye ndipo Fidelis aliponiambia kwamba hiyo ni ndiyo, ile ndogo, ya watu wa nyumba moja, na kwamba kabla ya hapo kwa jambo lolote zito alikuwa akimwambia "hai", ndiyo ya adabu, kama watu wote. Kiganja kikapanda mdomoni, lakini hakikuwahi. Kicheko kilishatoka, na machozi nyuma yake.

Wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, sentensi fupi fupi, zinagongana, hakuna aliyemsubiri mwenzake amalize. Mikia sikuisikia tena. Mimi nilibaki pale na kikombe changu, nimesahauliwa kabisa, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa. Nikaanza kusogea mlangoni taratibu kutafuta viatu vyangu.

Chizuru akaniita. Alisimama, akanifuata hadi pale mlangoni, na nikajiandaa kuinamiwa. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka mingi; kwa adabu ya kwao au ya kwetu, nilikuwa nastahili mkia mrefu kuliko yote. Hakuinama. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, akapeleka macho kwenye mikono yangu, akamgeukia Fidelis amwulize neno moja, kisha akanirudia. Maneno mengine alisema kwa Kiingereza, lakini mawili ya kwanza aliyasema kwa Kiswahili, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai.

"Bi mkubwa, umekuja nyumbani kwangu mikono mitupu?"

Fidelis akashika kichwa. Nami nikamtazama bi mdogo wangu, anaogopa alichokisema na bado hakukirudisha. Kwa hiyo nilimjibu anavyopaswa kujibiwa mtu aliyeamua kukaa. Nilimwambia Mpare haji na kitu, huondoka nacho, na nikarudi mezani kuchukua zile keki.